Ana Soma, Anasoma

"Apo kijijini watu wana hanza kazi hasubui mapema."

Anayesahihisha insha za wanachuo wa mwaka wa kwanza ameiona sentensi hii mara nyingi, na kama si yenyewe, basi ndugu yake. Mwenye rundo la insha mia mbili mezani huhesabu haraka: makosa matano. Huyazungushia wino mwekundu, huandika pembeni "Tahajia!", hufunua ukurasa. Hazijapita sekunde kumi. Nimesahihisha hivyo kwa miaka kadhaa, nikidhani ndiyo kazi yenyewe.

Aliyefunzwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika hukaa na sentensi hiyo kama fundi saa anavyokaa na saa iliyosimama. Jambo la kwanza analoliona ni kwamba herufi h haikupotea, imehama. Imetoka kwenye "hapo", imeingia kwenye "anza". Ndani ya neno moja tu, "asubuhi", imetoka karibu na mwisho ikaenda kukaa mwanzoni. Asiyejua habari za h kabisa asingeiandika popote: angeandika "apo" na "asubui" na "anza", na makosa yake yangekuwa matatu. Huyu anajua kwamba h ipo. Pengine kwao haitamkwi, au hutamkwa kwa pumzi ndogo isiyosikika, na shuleni alikemewa kwa kuandika "abari" na "ela"; tangu hapo amekuwa akiitia kila panapomtia shaka. Kwa hesabu ya wino mwekundu, anayejua zaidi ndiye anayepata alama ndogo zaidi.

Halafu kuna lile "wana hanza", lililokatwa katikati. Kiswahili sanifu huandika "wana watoto" kwa maneno mawili na "wanaanza" kwa neno moja, na sikio halisikii mpaka wowote kati ya "wana" huyu na "wana" yule. Kwa hiyo mwalimu hatoi hukumu bado. Anafunua kurasa nyingine za insha ileile, akitafuta. Akikuta "ana soma" na "tuna jua", lakini "alisoma" na "watajua" vimeandikwa vizuri, anajua kwamba mwanafunzi ameichukua kanuni ya "ana kitabu" akaipeleka isikofika. Akikuta pia "ali soma" na "wata jua", basi hilo ni jambo jingine: huyu anasikia kwamba mwanzo wa kitenzi una maana yake na shina lina maana yake, naye anaacha nafasi kati ya maana na maana. Mwanaisimu hukata karibu na hapohapo, ila yeye hutumia kistari. Makosa mawili yanayofanana kwa sura, yenye asili mbili tofauti, na kila moja linataka dawa yake.

Nimewaona walimu wachache wanaoweza kufanya hivi bila haraka, na kila mara nimejisikia kama mtu anayemtazama seremala mzuri akipitisha kidole kwenye ubao kabla ya kushika randa.

Ufundi huu umefanyiwa kazi mahali pengi, ila ulikopatia kitabu chake ni kilimani Harlem, jijini New York, katika City College. Chuo hicho kilianzishwa 1847 ili vijana wa jiji, hata wasio na kitu, wasome bila ada, na kwa vizazi kadhaa kiliwapokea watoto wa wahamiaji kutoka Ulaya. Kufikia miaka ya 1960 alama za kuingilia zilikuwa zimepanda sana, na watu Weusi waliokizunguka walikuwa wakikitazama kwa nje. Aprili 1969 wanafunzi Weusi na wenye asili ya Puerto Rico waliifunga kampasi ya kusini. Mpango wa kufungua udahili, ambao Chuo Kikuu cha Jiji la New York, chenye City College ndani yake, kilikuwa kimeupangia 1975, ukaletwa mbele hadi 1970: kila aliyehitimu sekondari jijini alihakikishiwa nafasi. Mwaka 1969 chuo kikuu hicho, pamoja na vyuo vyake vyote, kilipokea wanafunzi wapya wapatao 20,000. Mwaka uliofuata wakawa 35,000.

Mina Shaughnessy alikuwapo hapo tangu 1967. Alikuwa mzaliwa wa Lead, mji mdogo wa machimbo ya dhahabu huko South Dakota. Alifundisha, kisha akaongoza, masomo ya uandishi ya wanafunzi ambao shule ziliwaachia ngazi zenye vidato vinavyokosekana. Waliofundisha katika programu hiyo, iliyoitwa SEEK, walikuwa na majina ambayo baadaye yalijulikana duniani: Adrienne Rich, Audre Lorde, June Jordan, Toni Cade Bambara. Lakini ushairi haukumwandaa mtu kwa rundo la kwanza la insha. Shaughnessy mwenyewe ameeleza jinsi alivyokaa peke yake darasani baada ya wanafunzi wake kuandika insha zao za mwanzo, akazisoma na kuzirudia, asijue hata aanzie wapi kuzichambua. Chuoni alisomea fasihi, na hakuna aliyemfundisha kusoma maandishi ya namna ile.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimheshimu. Alikusanya insha zipatazo 4,000 zilizoandikwa kati ya 1970 na 1974, za majaribio ya kuwapanga wanafunzi madarasani, akazisoma. Maneno hayo matatu, "insha elfu nne", huandikwa upesi. Aliyewahi kusahihisha hamsini kwa siku moja anajua uzito wake: ile ya arobaini huisomi tena, unaitambua tu kwamba inafanana na ya thelathini. Yeye alizisoma akitafuta kwa nini. Alitoka na wazo ambalo leo linaonekana jepesi, kwamba wanafunzi hawa hawakuwa na akili nzito wala upungufu wa lugha. Walikuwa wanagenzi, na mwanagenzi yeyote hujifunza kwa kukosea. Makosa yao yalikuwa na mpangilio, na mpangilio huo unasomeka.

Kitabu chake, Errors and Expectations, kilitoka 1977. Kinaanza chini kabisa, kwenye mwandiko wa mkono na alama za uakifishaji, kinapanda kupitia sintaksia, makosa ya kawaida, tahajia na msamiati, mpaka insha nzima. Msomi mwingine angeona aibu kuanzia kwenye mwandiko. Shaughnessy alijua kwamba mtu wa miaka ishirini ambaye mkono wake haujazoea kalamu hupoteza wazo njiani, kati ya kichwa na karatasi, na kwamba uchache wa maneno yake kwenye ukurasa ni woga, maana kila neno analoongeza ni nafasi nyingine ya kukosea. Alikaa pia na koma. Mwanafunzi anayeweka koma panapotakiwa nukta huwa anatuambia kwamba wazo lake bado linaendelea. Nukta kwake ni mlango uliofungwa, naye bado yumo ndani.

Kiingereza chenyewe huwategea mitego wanaojifunza. Herufi s huonyesha wingi kwenye nomino, kisha hiyohiyo hubandikwa kwenye kitenzi cha mtu mmoja. Anayeandika "they works" amefikiri, tena amefikiri sawasawa: wapo wengi, basi na s iwepo. Nikiisoma hoja hiyo nakumbuka h iliyohama kwenye "hasubui". Lugha mbili zisizo na undugu, na akili ya mwanagenzi inafanya kazi ileile.

Desemba 1975, mbele ya mkutano wa wasomi wa lugha na fasihi, Shaughnessy alitoa hotuba fupi ambayo ningependa kila chuo cha ualimu kiisome. Tumezoea kuchora ngazi za ukuaji wa mwanafunzi. Yeye alichora za mwalimu. Mwalimu mpya huanza kwa kulinda mnara: anawaona waliokuja kama watu waliopotea njia, na kazi yake ni kulinda viwango. Akitambua kwamba hawaondoki, huingia hatua ya kuwaongoa wenyeji: anawamiminia kanuni kama maji kwenye mtungi mtupu. Kanuni hazikai, naye siku moja huanza kujiuliza kwa nini. Hapo ameanza kupima kina, kama mabaharia wanapotupa bildi kujua chombo kina maji kiasi gani chini yake. Wachache huendelea hadi hatua ya nne, kupiga mbizi, ambapo mwalimu anakubali kuwa yeye ndiye anayehitaji masomo ya ziada, na walimu wake ni wanafunzi alionao.

Nimewahi kumsimulia hotuba hii mwalimu mwenzangu mmoja aliyezaliwa pwani. Aliuliza: anayepiga mbizi huzuia pumzi, sasa mwalimu huzuia nini? Nilijibu pale pale kwamba huzuia kalamu, na tangu siku ile nimekuwa nikijaribu.

Mafunzo yenyewe hufanyikaje? Sehemu yake kubwa haina fahari yoyote. Walimu sita au kumi hukaa meza moja, kila mmoja ana nakala ya insha ileile, wanasoma kimya, wanatoa alama, wanaziweka wazi. Ndipo mshtuko unapokuja. Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake wawili, katika taasisi ya mitihani ya Educational Testing Service, walichukua insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakawapa wasomaji 53: wahadhiri wa fani mbalimbali, waandishi na wahariri, wanasheria, wafanyabiashara. Kila msomaji azipange kwa madaraja tisa, kwa hukumu yake. Insha 101 zilipata madaraja yote tisa, kuanzia la juu hadi la chini. Hakuna hata moja iliyopata madaraja pungufu ya matano tofauti. Walipochunguza sababu waligundua kwamba wasomaji walikuwa wa aina tano: wapo waliotazama mawazo, wapo waliotazama makosa ya lugha, wengine mpangilio, wengine uteuzi wa maneno, wengine ile ladha ya nafsi ya mwandishi.

Takwimu hizo zinaumiza, na naona ni vyema ziumize. Mezani pale mwalimu mpya hujifunza kwanza kuhusu jicho lake mwenyewe. Aliyetoa daraja la tatu na aliyetoa la nane hueleza, kila mmoja akiweka kidole kwenye mstari uliomfanya aamue. Lengo la kikao si kuwalazimisha wafanane. Wanajifunza kutaja wanachokiona, ili kesho mwanafunzi akiuliza "kwa nini?" apate jibu lenye mstari na neno, kuliko kuambiwa kwamba insha "haina mtiririko".

Maneno ya pembeni mwa ukurasa nayo yana mafunzo yake. Mwaka 1982 Nancy Sommers alichapisha uchunguzi alioufanya pamoja na wenzake juu ya maoni ya walimu 35 wa vyuo vikuu viwili vya Marekani, New York University na University of Oklahoma. Aliona kwamba maoni mengi yangeweza kung'olewa kwenye insha moja na kubandikwa kwenye nyingine bila mtu kugundua. Aliona pia kwamba mwalimu huyohuyo, kwenye aya hiyohiyo, humwambia mwanafunzi arekebishe koma na wakati huohuo amwambie aya nzima inahitaji kufikiriwa upya. Mwanafunzi mtiifu hurekebisha koma. Aya iliyopaswa kuvunjwa inabaki imesimama, sasa ikiwa safi.

Kwa sababu hiyo anayefunzwa hupewa zoezi gumu kuliko linavyosikika: soma insha nzima mikono ikiwa chini ya meza. Isome mara ya pili. Kisha andika maoni ambayo hayawezi kuhamia kwenye insha nyingine yoyote. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba hawakuwa wameisoma.

Zoezi jingine ni kuandika. Huko California, mwaka 1974, James Gray alianzisha Bay Area Writing Project katika Chuo Kikuu cha Berkeley kwa imani kwamba anayefundisha kuandika lazima aandike. Inaonekana ni jambo dogo. Siku nilipojaribu kujibu swali nililokuwa nimewapa wanafunzi kwa miaka mitatu mfululizo, kuhusu umuhimu wa mazingira, niliandika aya mbili zisizo na kitu ndani. Swali lenyewe halikuwa na pa kushika. Wanafunzi wangu walikuwa wameniandikia utupu kwa uaminifu kabisa, kwa sababu utupu ndio nilioomba, nami nilikuwa nimewakata alama kwa ajili yake.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kusoma ni kazi ya mwalimu na kuandika ni ya mwanafunzi. Waliokwenda mbali zaidi walikataa mgawanyo huo. David Bartholomae, wa University of Pittsburgh, alieleza mwaka 1980 kisa cha mwanafunzi mmoja aliyeombwa asome insha yake kwa sauti. Mwanafunzi alisoma vizuri. Alisoma hata maneno ambayo hayakuwapo kwenye karatasi: mahali alipokosea kwa kalamu, mdomo ulitoa neno sahihi, na hakujua kwamba amesahihisha kitu. Kumbe sarufi anayo. Kinachokosekana ni jicho linaloona kilichoandikwa badala ya kilichokusudiwa. Kumpa mtu huyo mazoezi ya sarufi ni kumnywesha dawa ya malaria anayeumwa jino.

Bartholomae na mwenzake Anthony Petrosky walijenga kozi nzima juu ya ugunduzi wa namna hii, na kitabu kinachoieleza kilitoka 1986. Wanafunzi waliohesabiwa kuwa dhaifu kuliko wote walipewa vitabu vizima, si vifungu vifupi vyenye maswali ya kujaza nafasi. Waliandika habari za ujana wao, insha hizo zikakusanywa na kuwa kitabu, na kitabu hicho kikaingizwa darasani kisomwe kama vingine, kwa uchambuzi uleule. Kijana ambaye hajawahi kuona jina lake juu ya maandishi yaliyopigwa chapa anaketi akisikia wenzake wakijadili alimaanisha nini katika aya ya tatu. Sijui njia nyingine inayomfundisha mtu haraka hivyo kwamba kila maandishi yana mtu nyuma yake aliyechagua.

Shaughnessy hakuachwa bila lawama. Min-Zhan Lu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alisema kwamba aliichukulia lugha ya chuo kama chombo kisicho na upande, kana kwamba mwanafunzi anaweza kuivaa bila kuacha chochote nyumbani. Hoja hiyo nzito naikubali kwa sehemu. Anayeandika "asubui" kwa sababu ndivyo mama yake anavyosema anaombwa na chuo kitu kikubwa kuliko herufi moja. Hata hivyo naona kwamba hata lawama hiyo inahitaji kwanza mtu aliyeisoma sentensi ya mwanafunzi kwa makini kiasi cha kujua mama yake yumo ndani. Somo la kusoma hivyo tumelipata kwa Shaughnessy.

Hakupewa muda. Mwaka 1976 jiji la New York lilikuwa limeishiwa fedha. Chuo kikuu kikaanza kutoza ada, na walimu wengi waliokwisha kuujua ufundi huu wakaachishwa kazi. Novemba 1978, mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, Shaughnessy alifariki kwa saratani akiwa na miaka 54. Kabla ya hapo alikuwa amezirudia zile insha za kwanza zilizomwacha ameduwaa. Ameandika kwamba hazikumshtua tena. Alizisoma, akaona walichokuwa wakijaribu kusema.

Muhula uliopita alikuja ofisini kwangu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, binti mkimya, na insha ya kurasa nne iliyojaa "ana" na "wana" zilizokatwa. Nilikuwa nimekwisha kuzipitia: "alikwenda" na "watarudi" alikuwa ameziandika vizuri. Basi alikuwa yule wa kwanza, aliyeipeleka kanuni ya "ana kitabu" isikofika. Sikumwambia kanuni. Nilimwomba achukue sentensi mbili zake mwenyewe, "Wana watoto wengi" na "Wana fika mapema", aziandike moja chini ya nyingine, kisha azikanushe.

Aliandika: "Hawana watoto wengi." Chini yake akaandika: "Hawafiki mapema." Akatulia akizitazama. Kalamu yake ikagusa "na" ya sentensi ya juu, ikashuka ya chini, ikatafuta.

"Hii 'na' imekwenda wapi, Mwalimu?"

Nikamwambia ajaribu nyingine. "Ana pesa", "hana pesa". "Ana lima", "halimi". Ya tatu hakuikanusha kwa maandishi, aliinong'ona tu, akairudisha insha karibu na kuanza ukurasa wa kwanza, akiunganisha maneno kwa vijitao vidogo vya kalamu ya risasi, moja baada ya jingine, bila kunitazama. Palipokuwa na "ana ng'ombe wawili" alipita bila kugusa. Ukurasa wa nne alisimama. Alikuwa ameandika kwamba mjumbe na wanakijiji walizungumza ana kwa ana.

"Na hizi je?" aliuliza. "Hizi ni zipi?"

Nilizitazama. Nimezisema maisha yangu yote na sikuwahi kuziuliza zimetoka wapi. Nilivuta kiti upande wake wa meza, tukachukua karatasi nyingine.